Mikeka ya Kimyani

Nchi ya Kimyani haimo katika ramani yoyote inayotundikwa darasani, na jambo hilo si kosa la mwalimu wa jiografia. Wakimyani wenyewe waliomba wasichorwe, kwa hoja kwamba nchi ikishachorwa huanza kuulizwa maswali.

Huko ndiko alikopelekwa Sikudhani, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya bweni ya wasichana, baada ya walimu kukaa kikao na kukubaliana kwa kauli moja kwamba binti huyu anasema mno. Alisema darasani, alisema paredini, alisema hata katika ile dakika ya kimya ya kumkumbuka marehemu mwanzilishi wa shule. Mkuu wa shule alikuwa amesikia kwamba Wakimyani wanajua kunyamaza kuliko watu wote duniani, akaona likizo moja ya kuishi nao ingetosha kumnyoosha. Safari yenyewe haina la kusimulia. Kulikuwa na vumbi, na Sikudhani alilala.

Kitu cha kwanza alichokiona alipofika ni midomo. Kila mtu aliyekutana naye alikuwa ameachama kidogo, kana kwamba yu karibu kusema jambo kubwa. Sikudhani alisimama kwa adabu kusubiri jambo hilo, lisije. Ilimchukua asubuhi nzima kugundua kwamba Wakimyani hawapumui kwa pua. Pua wanazo, tena nzuri tu, lakini wanazibeba usoni kama mstaafu anavyobeba cheo chake: kwa heshima na bila kazi.

Kitu cha pili ni harufu. Juu ya hiyo yatosha kusema kwamba ilimpokea mpakani, ikamshika mkono, ikamsindikiza hadi kwa mwenyeji wake, na ikaingia naye ndani.

Watu wa huko husalimiana kwa kuuliza, "Hewa?" Jibu ni moja tu, na mtoto hufundishwa kabla hajajua jina la baba yake: "Safi kabisa."

Mwenyeji wake, Bwana Shebe, alikuwa kiongozi wa mtaa, mtu mnene, mpole, mwenye nundu katikati ya paji la uso. Sikudhani alimkuta juu ya ngazi za nyumba yake, amepiga magoti mlangoni, kichwa ndani na mwili nje. Alidhani ameangusha kitu. Kumbe alikuwa anaingia. Mlango ambao fundi aliujenga kwa mtu mzima anayetembea wima sasa ulibaki nafasi ya mbuzi, na mbuzi ndiye aliyekuwa anatoka kwa raha zake huku mwenye nyumba akimpisha.

Sababu ilikuwa mikeka. Kimyani wanyama hulala ndani pamoja na watu. Desturi hiyo ilianza enzi za fisi. Fisi walikwisha hama, mbuzi na bata wakabaki sebuleni. Nao mbuzi na bata, wawe wamelelewa vizuri namna gani, hawaombi ruhusa ya kutoka nje. Juu ya hayo kulikuwa na choo, kilichochimbwa na babu ya Bwana Shebe hatua chache nyuma ya jiko, kikajaa enzi za baba yake, na tangu hapo kikawa kinajitafutia njia chenyewe chini ya nyumba, hasa mvua zinaponyesha. Mahali pengine watu wangechukua ufagio, au koleo, au wangezibua mfereji. Kimyani kila Ijumaa hutandikwa mkeka mpya juu ya ule wa zamani, kisha watu huketi na kunywa kahawa.

Hivyo sakafu hupanda. Nyumba ya maskini ina mikeka michache na mwenyewe huingia akiinama tu. Nyumba ya mtu mwenye hadhi ina mikeka mingi, na mwenyewe huingia kwa magoti. Kwa Bwana Shebe madirisha yalikuwa usawa wa vifundo vya miguu, na chini palibonyea taratibu ukikanyaga, kama godoro lililolowa. Bwana Shebe alimwonyesha mgeni wake nyumba hiyo huku wakitambaa wote wawili, akamwambia kwa unyenyekevu kwamba katika mtaa huu hakuna mwenye dari iliyo karibu kama yake.

Kwa nini hawafagii? Jibu lilikuwa limechongwa juu ya mlango wa Baraza la nchi, kwa herufi kubwa zilizopakwa dhahabu: ATAKAYESIKIA HARUFU WA KWANZA NDIYE MWENYEWE.

Sheria hiyo Sikudhani aliijua vizuri sana. Bwenini kwao ilitumika kila baada ya chakula cha maharage, na haikuwahi kumdhuru mtu zaidi ya kurushiwa mto. Wakimyani, kwa kuwa ni watu makini, waliifanya katiba. Anayesema kwamba kunanuka, uchafu wote wa mtaa unakuwa wake: anapewa koleo, anauondoa peke yake, na ukoo wake unaitwa kwa jina la uchafu huo hata kwenye harusi. Kumsaidia ni kosa, maana uchafu umekwisha kuwa mali yake, na kuchukua mali ya mtu ni wizi. Kufagia nako ni kukiri kwamba umeona. Basi hakuna aliyefagia, na hakuna aliyesikia.

Siku chache baadaye Bwana Shebe alimpeleka Barazani akajionee jinsi watu wazima wanavyojadiliana. Hoja ya siku hiyo ilikuwa paa. Upande wa Wainuaji ulitaka mapaa ya nchi nzima yainuliwe. Upande wa Wainamaji ulisema paa halina kosa lolote, kosa ni la watu wanaosimama. Mzee mmoja mwembamba wa Wainamaji alizungumza kwa muda mrefu akiwa amekaa, akatoa hesabu ya nundu za vichwani, ambazo zilikuwa zimeongezeka mara dufu, akahitimisha kwamba nundu ni ushahidi wa urefu na kwamba taifa linarefuka. Walimshangilia kwa kupiga mapaja, kwa sababu anayeinua mikono humo hugonga dari. Kisha mjumbe mmoja kijana kutoka mkoa wa mbali alianza kusema kwamba, waheshimiwa, huenda ingefaa pia tutazame hapa chini. Ukumbi mzima ukakohoa. Walikohoa kwa utulivu na kwa mpango, safu kwa safu, mpaka yule kijana akaketi. Hivyo ndivyo Wakimyani wanavyomnyamazisha mtu bila kumvunjia heshima.

Kitini alikuwa Bwana Ngwali, Mnusaji Mkuu wa Taifa. Kazi yake ni kupita kila mtaa mara moja kwa mwaka kuthibitisha kwamba hewa ni safi. Matundu yake mawili ya pua yalizibwa kwa pamba iliyofungwa uzi wa dhahabu, ndiyo alama ya cheo. Bwana Shebe alinong'ona kwa fahari kwamba pamba ni mapambo tu, kwani mheshimiwa alianguka kutoka kwenye mkarafuu ujanani na tangu siku hiyo hajasikia harufu ya kitu chochote. Hakukuwa na mwingine nchini aliyefaa zaidi.

Sikudhani alicheka kimoyomoyo njia nzima. Alikuwa anapanga jinsi atakavyowasimulia wenzake bwenini, nani ataigiza kikohozi na nani ataigiza mbuzi. Kicheko hicho kilikwisha siku Tunu alipougua.

Tunu alikuwa binti wa Bwana Shebe na mkewe, Bi Raya. Alikuwa hajatembea bado. Alitambaa juu ya ile mikeka tangu asubuhi hadi jioni, na kila alichokiokota alikionja: kokwa, manyoya ya bata, kona ya mkeka, kidole cha mgeni. Alikuwa amejifunza kumwita Sikudhani "Dani", na kila akimwona alicheka mpaka akaangukia mgongo. Bi Mkunde, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa akija kila asubuhi kuomba moto, akambeba Tunu kwa muda mrefu kuliko unavyohitajika kwa kuomba moto. Mwanawe mwenyewe alifariki masika yaliyopita. Aliendesha tumbo, akakauka, akaenda. Mtaani walisema alicheka kupita kiasi, na tangu hapo Bi Mkunde hakucheka tena.

Tunu alianza kuendesha alfajiri moja, na kufikia adhuhuri alikuwa mwepesi mikononi kama nguo iliyokamuliwa. Akaitwa Daktari Mbaruku. Alipiga magoti mlangoni, mkoba ukatangulia, kisha yeye, kisha bata mmoja aliyekuwa anamfuata. Alimtazama mtoto, akamtazama mgeni, akauliza kama mtoto huyu amecheka siku za karibuni.

Bi Raya akasema ndiyo, alicheka mbuzi alipopiga chafya.

"Ndiyo hiyo," akasema daktari. "Kicheko kimemshukia tumboni. Wa tatu huyu mwezi huu."

Aliagiza mambo matatu. Mtoto asichekeshwe. Atandikiwe mkeka mpya. Na asipewe maji hata tone, kwa kuwa kinachoingia juu ndicho kinachotokea chini. Ukiziba juu, chini kutakauka. Chini kutakauka kweli, aliwaza Sikudhani, na mtoto mzima pamoja nako. Akafungua kinywa kuuliza kama daktari amewahi kutazama mtoto huyu anacheza wapi. Bwana Shebe akakohoa. Daktari akakohoa. Hata Bi Raya alikohoa, ingawa kikohozi chake kilikatika katikati.

Daktari alipoondoka, Sikudhani alimfuata Bi Raya jikoni. Kule shuleni walikuwa wamefundishwa jambo moja ambalo yeye, kwa bahati tu, hakuwa akizungumza lilipofundishwa. Alimwomba Bi Raya achemshe maji sana, yatokote, kwa kuwa kisima chao kilikuwa nyuma ya jiko na choo cha babu kilikuwa nyuma ya kisima. Maji yalipopoa alipima lita moja, akatia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, akakoroga, akamnywesha Tunu kwa kijiko, kidogo kidogo, akitapika wanasubiri kisha wanaendelea. Wala si kuziba, alimweleza mama mtu. Kinachotoka ndicho kinachorudishwa, ama sivyo ataisha.

Kesho yake Tunu alifungua macho. Kesho kutwa aliweza kuketi, na Bi Raya akamweka chini, juu ya ule mkeka mpya wa daktari, ili apate kupika. Aliporudi alimkuta mtoto ameketi pale bata walipolala, kiganja kimelowa, vidole vinne mdomoni.

Jioni tumbo lilianza upya, safari hii kwa nguvu zaidi.

Hapo Sikudhani alielewa, na aliyoyaelewa yalimwondolea usingizi na hamu ya chakula. Angeweza kumnywesha mtoto huyu hadi likizo iishe, na kila akimpandisha, sakafu ingemshusha. Alimwona Bi Mkunde amesimama mlangoni na kipande chake cha kifuu cha kubebea makaa, hasogei, anamtazama Tunu kwa jinsi mtu anavyotazama njia aliyokwisha ipita.

Alimwendea Bwana Shebe uani. Alimwambia yote kwa upole, kama alivyofundishwa kuzungumza na wakubwa. Alisema hakuna haja ya mtu yeyote wa Kimyani kuumbuka. Yeye ni mgeni, yeye ndiye atakayesema Mnusaji Mkuu atakapopita mtaani Alhamisi, wampe koleo, awe mwenyewe. Jina la ukoo wake walibadilishe wapendavyo, huko kwao hakuna atakayejua.

Bwana Shebe alisikiliza ameinamisha kichwa. Nundu yake iling'aa kwa jasho.

"Mwanangu," akasema, "mgeni hana mali katika nchi hii. Pua ya mgeni ni ya mwenyeji wake. Ukisema wewe, nimesema mimi."

"Basi sema wewe, baba."

Bwana Shebe aliangaza macho uani kuhakikisha hakuna wa kusikia. Kisha akaeleza, kwa sauti ya chini sana, kwamba baba yake alijaribu. Alisema mara moja tu, barazani kwake, mbele ya majirani wawili, kwamba leo hewa nzito. Walimkohoa. Alirudi ndani, akatandika mikeka saba kwa mkupuo mmoja, na hakuzungumza tena jambo lolote la maana hadi alipokufa. "Mimi nina mtaa mzima nyuma yangu," akasema. "Nikianguka mimi, nani atawaambia watu hewa ni safi?"

Alisema maneno hayo bila mzaha hata kidogo, na ndiyo yaliyomtia Sikudhani hofu zaidi kuliko yote.

Tangu hapo alinyamaza. Mkuu wa shule angefurahi mno kumwona. Alinyamaza wakati wa chakula, alinyamaza akichota maji, alinyamaza akihesabu pumzi za Tunu. Alijua kwamba Mnusaji Mkuu anakuja Alhamisi na kwamba baada yake hakutakuwa na siku nyingine ya kusema mpaka mwaka upite. Alijua pia, kwa kumbana mtoto ngozi ya tumbo na kuona jinsi inavyochelewa kurudi, kwamba Tunu hana mwaka.

Asubuhi ya Alhamisi alikuwa jikoni na Bi Raya, mtoto amelala mapajani, kijiko mkononi. Alishindwa kujizuia. Alimwambia kwamba ni mikeka, ni kilicho chini ya mikeka.

Bi Raya hakukohoa. Aliendelea kupuliza moto.

"Unadhani sijui? Pua ninayo," akasema. "Najua tangu siku niliyoletwa humu bibi harusi. Nilijifunika khanga usoni, mama mkwe akanikohoa mpaka nikaifunua. Nikasema nitazoea. Nikazoea, mdogo wangu. Nikazoea vizuri mpaka nikamzaa huyu nikamlaza juu yake." Akageuka. "Tukiiondoa yote, atapona?"

Sikudhani alitamani sana kusema ndiyo.

"Sijui, dada. Akibaki juu yake hatapona. Hilo najua."

Baada ya adhuhuri mtaa mzima ulitoka, ukajipanga mbele ya milango katika mavazi ya sikukuu. Bwana Ngwali alikuja amebebwa kitini, pamba zikimetameta. Alisimamishwa mbele ya kila nyumba, akauliza swali moja, akajibiwa jibu moja, akapita. Hewa? Safi kabisa. Hewa? Safi kabisa. Mbele ya nyumba ya Bi Mkunde alijibiwa kwa sauti ndogo mno, lakini alijibiwa. Sikudhani alisimama nyuma ya wenyeji wake, mikono ameikunja mgongoni, kucha zimezama viganjani. Aliomba asikohoe, asilie, asiseme.

"Hewa?" akauliza Bwana Ngwali.

Bwana Shebe alivuta pumzi kwa mdomo. Kabla hajaitoa, Bi Raya alipita mbele yake na Tunu begani, kichwa cha mtoto kikining'inia.

"Inanuka," akasema.

Kikohozi kilianzia mwisho wa mtaa. Kikaja nyumba kwa nyumba kama mvua inavyokuja juu ya mabati. Bi Raya alisubiri mpaka kikafika, kikapita, watu wakaishiwa pumzi.

"Inanuka mavi," akasema. "Ya bata, na ya mbuzi, na ya kwetu wenyewe. Yako chini ya mikeka, yako kisimani, na mwanangu anayala. Kama mwenyewe anatafutwa, basi mwenyewe ni mimi. Nipeni koleo."

Bwana Shebe aliharakisha kueleza kwamba mkewe hajisikii vizuri, hajalala, mheshimiwa amsamehe. Mkewe alisema yeye ni mzima, anayeumwa ni huyu begani. Bwana Ngwali, ambaye katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kupata jibu la pili, alishika pamba zake kuhakikisha bado zipo. Kisha akasoma hukumu kwa kichwa, maana aliihifadhi tangu siku ya kuapishwa na alikuwa hajapata nafasi ya kuitumia. Uchafu wote wa mtaa huu, wa juu na wa chini, mbichi na mkavu, kuanzia sasa ni mali halali ya Bi Raya. Atakayegusa mali hiyo kwa nia ya kuiondoa ni mwizi.

Koleo likaletwa. Bi Raya alimkabidhi Sikudhani mtoto, akafunga khanga kiunoni, akapanda ngazi za nyumba yake, akapiga magoti, akaingia.

Mtaa ulisimama. Hakuna aliyerudi ndani na hakuna aliyesogea mbele. Mkeka wa kwanza ulisukumwa nje kupitia dirishani, kisha wa pili, na bata wakatoka mmoja mmoja wakilalamika. Sikudhani aliketi kwenye kivuli cha ukuta, akamtia Tunu kijiko mdomoni. Kilitiririka shavuni. Akatia kingine. Macho ya mtoto yalikuwa yamezama, na alikuwa anatazama kitu kisichokuwapo. Ndani ya nyumba ile, mwanamke mmoja peke yake, mikeka ya vizazi vitatu: Sikudhani alipiga hesabu upesi, akaona isingewezekana hata kwa mwezi. Akaacha kuhesabu. Akatia kijiko kingine.

Bwana Shebe alikuwa bado amesimama mahali pale pale. Alitazama dirisha. Alitazama majirani wake, ambao walitazama miguu yao. Midomo yote ilikuwa imeachama. Halafu, polepole, kama mtu anayejikumbusha jambo, akajipapasa mfuko wa kanzu.

"Mheshimiwa," akasema, "nadhani nimeangusha sindano mle ndani. Siku nyingi kidogo. Itakuwa chini chini."

Bwana Ngwali alifikiri. Sheria ilikataza kuondoa uchafu. Juu ya kutafuta sindano haikusema kitu.

"Katafute," akasema.

Bwana Shebe alipiga magoti akaingia, na mikeka ikaanza kutoka miwili miwili.

Wa pili kwenda alikuwa Bi Mkunde. Alirudi kwake kwanza, akatoka na koleo la marehemu baba yake. Alipopita mbele ya Mnusaji Mkuu alisema kwamba amepoteza hereni. Kila mtu mtaani alijua kwamba Bi Mkunde hakutogwa masikio. Bwana Ngwali alimtazama sikio la kulia, akamtazama la kushoto, akafungua kinywa, na Bi Mkunde akamkohoa. Kikohozi kimoja tu, kikavu, cha karibu. Mheshimiwa akampisha.

Baada ya hapo haikuwezekana kujua nani alitangulia. Mmoja alipoteza funguo, mwingine kifungo, mzee mmoja alisema amepoteza jino na akaonyesha pengo. Kijana wa nyumba ya mwisho hakuwa amejiandaa, akasema tu kwamba amepoteza kitu, atakijua akikiona. Waliingia na makoleo, mapanga, na ndoo, wakatafuta kwa bidii ambayo Kimyani haikuwahi kuijua, na kila walichokitoa walikibeba mbali, ng'ambo ya mashamba, wakakifukia ili kisiwazuie kutafuta. Wengine walihamia nyuma ya jiko, wakasema vitu vingine huenda vimeangukia chooni. Bwana Ngwali alisimama katikati ya harakati hizo kwa muda, akijaribu kuamua kama huu ni wizi au la. Mwisho aliwaamuru wabebaji wake wampeleke Barazani kuuliza. Baraza linajadili suala hilo hadi leo.

Walifika sakafuni jua likiwa bado juu ya miti. Ilikuwa ya saruji nyekundu, nzuri, imenakshiwa pembeni na fundi aliyeipenda kazi yake, na hakuna mtu aliye hai aliyewahi kuiona. Bi Raya aliimwagia maji ya moto na sabuni, akaisugua kwa fagio la makuti, akaimwagia tena. Watu walisimama ukutani, wima, wameshika vichwa vyao kwa mkono mmoja kwa mazoea ingawa dari sasa ilikuwa mbali. Sindano haikupatikana.

Sikudhani aliingia na mtoto na kikombe. Kikombe kilikuwa cha ngapi, hakujua. Kwa muda sasa vijiko vilikuwa havitiririki tena shavuni. Vilikuwa vinakwenda, na koo dogo lilikuwa linafanya kazi. Lakini hakuthubutu kumwambia mtu. Alijua kilichobaki kusubiriwa ni mkojo. Mwili ulioishiwa maji hautoi maji, unayashika yote kama bahili. Tumbo lilikuwa limeacha kuendesha, lakini Tunu alikuwa mkavu tangu alfajiri, na nepi aliyofungwa ilikuwa safi kama ilivyotoka kwenye kamba. Bi Raya alimpokea mwanawe, akamfungua ile nepi, akamketisha sakafuni katikati ya miguu yake. Ubaridi wa saruji ulimshtua mtoto. Alikunja uso, akatazama huku na huku, akamwona Sikudhani.

Hakucheka. Alikuwa amechoka mno kucheka. Ila chini yake, juu ya ile sakafu nyekundu iliyosuguliwa, kijito chembamba kilitokea, kikaenda taratibu kikifuata mteremko wa fundi kuelekea mlangoni.

Watu wote walikiona. Walikuwa Wakimyani, koo zilikuwa tayari. Bwana Shebe alitazama kijito kile, kisha akatazama ukuta. Mzee mwenye pengo aliinua ngumi mdomoni.

"Amekojoa," akasema Bi Raya. Alisema kwa sauti ya kawaida, ile ambayo mtu huombea chumvi. Kisha akasema tena, kwa nguvu, nyumba nzima isikie. "Jamani, Tunu amekojoa."

Bi Mkunde akatoka mbio kwenda kutafuta tambara.